Imperfecto ya Kihispania kwa Mtu wa Malindi Mwenye Kiitaliano Chake

Mtu wa Malindi aliyezoea Kiitaliano cha ufukweni akianza Kihispania huenda mbio wiki za mwanzo, kisha hukwama. Maneno mengi anayatambua, matamshi hayampi taabu, bei anazitaja bila kufikiri. Kinachomkwamisha ni kusimulia yaliyopita. Anasimama Gedi, kwenye magofu ya mji wa kale, mbele ya wageni kutoka Madrid, anataka kuwaeleza jinsi wenyeji wa mji ule walivyokuwa wakiishi, na kinachomtoka ni *vivevano*, ambacho ni Kiitaliano kitupu, au *vivieron*, ambacho ni Kihispania sahihi kilichowekwa pasipo pake.

Njeo anayoihitaji, yaani umbo la kitenzi linaloonyesha wakati, inaitwa imperfecto. Kuiunda ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe ni kujua pa kuitumia, na hapo, ingawa wengi hawaamini, Kiswahili kinamsaidia kuliko hicho Kiitaliano.

Tuanze na kuunda. Vitenzi vya Kihispania vikiwa havijanyambuliwa huishia kwa -ar, -er au -ir. Ondoa herufi hizo mbili za mwisho, ubaki na shina. Kama kitenzi ni cha -ar, ongeza -aba, -abas, -aba, -ábamos, -abais, -aban. Kwa hiyo *pescar*, kuvua samaki, kinakuwa: *yo pescaba, tú pescabas, él pescaba, nosotros pescábamos, vosotros pescabais, ellos pescaban*. Kama ni cha -er au -ir, viishio ni vya aina moja tu: -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían. *Vender*, kuuza: *vendía, vendías, vendía, vendíamos, vendíais, vendían*. *Vivir*, kuishi, kinafuata njia hiyo hiyo: *vivía, vivías, vivía, vivíamos, vivíais, vivían*. *Usted* huchukua umbo la *él*, na *ustedes* huchukua la *ellos*. *Vosotros* ni la Hispania. Wageni wa Meksiko, Kolombia au Argentina hawalitumii, na Mhispania ukimwambia *ustedes* anakuelewa bila shida, kwa hiyo anayeanza anaweza kuliacha umbo hilo likae kando kwa muda.

Vitenzi visivyofuata kanuni ni vitatu, havizidi. *Ser* kinakuwa *era, eras, era, éramos, erais, eran*. *Ir* kinakuwa *iba, ibas, iba, íbamos, ibais, iban*. *Ver* kinakuwa *veía, veías, veía, veíamos, veíais, veían*, na kosa lake ni dogo, kwamba kimeng'ang'ania ile *e* ambayo kanuni ilitaka iondoke. Vilivyobaki vyote ni vitiifu, hata vile vinavyomsumbua mwanafunzi kwingine kote. *Dormir* katika wakati uliopo ni *duermo*, lakini hapa ni *dormía*. *Pedir* ni *pido*, hapa ni *pedía*. *Tener* katika pretérito, yaani ile njeo nyingine ya wakati uliopita, ni *tuve*, hapa ni *tenía*. *Hacer* ni *hice*, hapa ni *hacía*. Hata tahajia inatulia: *llegué* ina *u* ya kulinda sauti, *llegaba* haina haja nayo.

Sasa Kiitaliano kinavyoharibu. Kwanza ni ile *v*. Mwitaliano anasema *parlavo, prendevo, dormivo*, na *v* inasikika katika makundi yote matatu ya vitenzi. Kihispania kiliibakiza sauti hiyo kwenye -ar peke yake, tena kwa herufi *b*, na kwenye -er na -ir kikaiacha, isipokuwa ile *iba* ya *ir*. Ukisikia *v* ikija ulimini baada ya *e* au *i*, ujue umehamia Roma. Na hiyo *b* ya *pescaba* si *b* nzito ya *baba* yetu. Midomo inasogeleana bila kufungana, pumzi inapita. Ukiikaza utaeleweka, lakini masikio ya mgeni yatachoka.

Pili, Kiitaliano kina vitenzi vinavyorefuka: *facevo, dicevo, bevevo*. Anayevijua huanza kutafuta kitu kinachofanana navyo katika Kihispania, na hakipo. Ni *hacía, decía, bebía*, basi.

Tatu ni nafsi. Kiitaliano kinatenganisha *io parlavo* na *lui parlava*. Kiswahili ndicho kabisa, maana ni- na a- haviwezi kuchanganyika hata usingizini. Katika imperfecto ya Kihispania, mimi na yeye tuna umbo moja: *hablaba* ni mimi, ni yeye, na ni wewe unayeheshimiwa kwa *usted*. Vitabu humfundisha mwanafunzi kuacha viwakilishi kwa sababu kiishio kinatosha, na ushauri huo ni mzuri kila mahali isipokuwa hapa. Ukisema *Mi abuelo pescaba y vendía en el mercado*, kila mtu ataelewa kwamba babu alivua na babu huyo huyo akauza. Kama muuzaji ulikuwa wewe, hakuna budi kusema *y yo vendía*.

Nne, na hili ndilo linaloudhi zaidi kwa sababu lugha zote mbili zinakusukuma kwenye kosa, ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiitaliano nacho, kwa nafsi ya sisi, kinasema *parlavamo* kwa kukaza *va*. Kwa hiyo mtu wa Malindi hutamka *pescabámos* kwa raha zote, na anakosea. Sahihi ni pes-CÁ-ba-mos, mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho. Ven-DÍ-a-mos vilevile. Kosa la pili linatoka upande wa ellos: Mwitaliano anasema par-LA-va-no, mkazo ukiwa wa tatu kutoka mwisho, lakini Mhispania ana silabi pungufu, pes-CA-ban, mkazo wa pili kutoka mwisho kama wetu. Maumbo mengine yote ya njeo hii yanakubaliana na mazoea ya Kiswahili: pes-CA-ba, ven-DÍ-a, vi-VÍ-an. Kwa hiyo zoezi la mdomo ni la nafsi moja tu, ile ya sisi, na lifanywe kwa sauti. Kulisoma kimoyomoyo hakuuzoezi ulimi kitu.

Ile alama juu ya *í* si pambo. *Hacía* ni alikuwa akifanya. *Hacia* ni kuelekea. *Sabía* ni alikuwa akijua, na *sabia* ni mwanamke mwenye hekima. Kwenye simu, bonyeza herufi *i* usiiachie, alama itatokea juu yake. Vitenzi vya -er na -ir vinaihitaji katika nafsi zote sita. Vya -ar vinaihitaji kwa nafsi ya sisi peke yake, juu ya *á*.

Yote hayo yanahifadhiwa kwa wiki moja. Matumizi ndiyo yanayochukua miezi, kwa sababu -li- yetu inabeba mizigo miwili. *Alivua samaki* inaweza kuwa alivua jana, mara moja, akarudi. Inaweza pia kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mhispania halazimiki kubahatisha: la kwanza ni *pescó*, la pili ni *pescaba*. Anayetafsiri -li- moja kwa moja atakosea nusu ya sentensi zake.

Lakini Kiswahili hakina -li- peke yake. Kina -ka-, na kina *alikuwa aki-*. Chukua sentensi yako ya wakati uliopita, ijaribu kwa vyote viwili kabla ya kufungua mdomo. Ikikubali -ka-, yaani jambo lilitokea, likaisha, hadithi ikasonga mbele, tumia pretérito. Ikikubali *alikuwa aki-* au *alikuwa ana-*, yaani jambo lilikuwa likiendelea, au lilikuwa desturi, au lilikuwa hali ya mambo wakati mengine yakitokea, tumia imperfecto. *Akafika, akashuka, akauliza bei*: *llegó, bajó, preguntó el precio*. *Alikuwa akifika kila Ijumaa na kuuliza bei*: *llegaba todos los viernes y preguntaba el precio*. Kipimo hiki hakimo katika vitabu vya Kihispania vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, na ni kikali kuliko orodha zao za maneno ya kuangalia.

Mwongozo wa Gedi anaweza kukitumia hivi:

*En el siglo XV aquí vivía gente rica. Las casas eran de piedra de coral. Los vecinos sacaban agua de los pozos, rezaban en la Gran Mezquita y compraban porcelana de China. En el siglo XVII los habitantes abandonaron la ciudad. En 1948 empezaron las excavaciones.*

Vitenzi vya mwanzo vyote ni maisha ya mji: watu walikuwa wakiishi, nyumba zilikuwa za mawe ya matumbawe, walikuwa wakiteka maji visimani, wakisali, wakinunua vyombo vya kichina. Hakuna hata kimoja kinachokubali -ka- bila kugeuka kichekesho. Kisha *abandonaron* na *empezaron*: wakauhama mji, uchimbuzi ukaanza. Hayo ni matukio, na mkono wa saa unasogea.

Kwenye mnara wa Vasco da Gama mchanganyiko ni mzito zaidi, kwa sababu sababu za jambo na jambo lenyewe hukaa sentensi moja. *En abril de 1498 Vasco da Gama llegó a Malindi. Buscaba un piloto porque no conocía la ruta a la India. El sultán, que tenía malas relaciones con Mombasa, lo recibió bien.* Alifika na alimpokea ni matukio. Kutafuta rubani, kutoijua njia, na kutoelewana na Mombasa ni hali zilizokuwapo kabla hajatia nanga. Na pale njeo inapobadili historia yenyewe: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika China. Hiyo ni *llegó una jirafa*. Mwongozo akisema *Malindi mandaba jirafas a China*, wageni wataondoka wakiamini tulikuwa tukisafirisha twiga kila msimu.

Msimu kwenyewe ni mahali pazuri pa imperfecto: *Los barcos llegaban con el kaskazi y regresaban con el kusi.* Pepo zile zilirudi mwaka baada ya mwaka, na majahazi yakazifuata. Hapo *llegaron* ingewafanya wafanyabiashara wa Uarabuni waje mara moja maishani.

Kipimo cha -ka- na *alikuwa aki-* kina mianya yake, na heri kuijua mapema.

Mwanya mkubwa ni -me-. Sisi husema *alikuwa amevaa kanzu*, wala hatusemi *alikuwa akivaa kanzu* ila pale anapoingiza mikono. Kihispania ni *llevaba un kanzu*, imperfecto ya kawaida. *Nilikuwa nimechoka* ni *estaba cansado*. *Walikuwa wamekaa* ni *estaban sentados*. Lakini *alikuwa amefika* ni kitu kingine, *había llegado*, kwa sababu kufika kumekwisha na hakuachi mkao wa mwili wala hali inayoonekana. Hiyo *había* yenyewe ni imperfecto ya *haber*, na inafuata kanuni vizuri. Basi kila ukikutana na *alikuwa ame-*, uliza: ni hali aliyokuwa nayo, au ni tendo lililotangulia jingine? Hali huchukua imperfecto peke yake. Tendo huchukua *había* na kitenzi cha pili.

Mwanya wa pili ni usemi wa taarifa. Kiswahili kinaacha wakati uliopo ukae kama ulivyotamkwa: *Alisema anakaa Watamu*. *Niliona watoto wanacheza*. Mhispania huvivuta vyote nyuma: *Dijo que vivía en Watamu. Vi que los niños jugaban.* Ukisikia ana- baada ya kitenzi cha wakati uliopita, weka imperfecto bila kufikiri sana. *Alisema atakuja* ni *dijo que iba a venir*, na hapo *iba* inafanya kazi yake.

Mwanya wa tatu ni hesabu. Tendo likishapewa mwisho kwa idadi ya siku, miaka au mara, imperfecto inafungiwa mlango, hata kama lilichukua miaka mingi. *Aliishi Lamu miaka mitatu* ni *vivió tres años en Lamu*, ingawa miaka mitatu ni mirefu na Kiswahili kinakuruhusu kusema *alikuwa akiishi*. *Nilimwona mara nne* ni *lo vi cuatro veces*. Watu hudhani imperfecto ni ya mambo marefu na pretérito ni ya mambo mafupi. Sivyo. Kinachoamua ni kama msemaji anauonyesha mwisho wake au anausahau kwa makusudi.

Kuna kosa jingine ambalo ni la watu wa Kiswahili hasa: kutumia *estaba pescando* kila mahali, kwa sababu *alikuwa anavua* inafanana nayo kwa umbo. *Estaba* na -ndo ni ya dakika ile tu, tendo likiwa mkononi. Desturi haipendi umbo hilo, na vitenzi vya hali vinalikataa kabisa. *Estaba sabiendo* haisemwi. Ni *sabía*.

Tukiwa hapo kwenye kujua, vitenzi vichache hubadili maana kutoka njeo moja kwenda nyingine. *Conocía a su padre*: nilikuwa nikimfahamu baba yake. *Conocí a su padre*: ndipo nilipokutana naye mara ya kwanza. *Sabía* ni nilikuwa najua, *supe* ni nilipata habari. *Podía* ni nilikuwa na uwezo, kama niliutumia au la, na *pude* ni niliweza, nikafanya. *No quería* ni hakuwa na hamu, *no quiso* ni alikataa. Kwetu *sikujua* hutosha kwa yote, na wengi huandika *no supe*. Mara nyingi wanachotaka kusema ni *no sabía*.

*Había* ina jambo lake. Kwa maana ya kulikuwa na, haina wingi. *Había un burro*, kulikuwa na punda mmoja, *había muchos burros*, kulikuwa na punda wengi. Mwitaliano ana *c'era* na *c'erano*, Mswahili naye hupatanisha kila kitu na ngeli yake, kwa hiyo *habían muchos burros* huja yenyewe. Hata Wahispania wenyewe wako wanaoisema hivyo, lakini walimu wao huisahihisha.

Saa na umri havina mjadala: *eran las cinco*, ilikuwa saa kumi na moja, *era la una*, ilikuwa saa saba, *tenía diez años*, alikuwa na miaka kumi. Hali ya hewa iliyokuwapo wakati jambo likitokea ni hivyo hivyo, *hacía calor*, kulikuwa na joto, *llovía*, mvua ilikuwa ikinyesha. Na kwa anayefanya kazi hotelini au dukani kuna imperfecto ambayo haihusu wakati uliopita hata kidogo. Ni ya adabu. Mgeni anasema *quería una habitación*, nilikuwa nataka chumba, akiwa anakitaka sasa hivi, kama Mwitaliano anavyosema *volevo*, na kama wewe usemavyo *nilikuwa naomba*. Jibu lake dukani, hasa Hispania, ni *¿qué deseaba?*, yaani ulikuwa unataka nini? Usimjibu kwa kuuliza kama bado anakitaka.

Jihadhari na magazeti. Mwandishi wa Kihispania hupenda kuandika *En 1498 llegaba a Malindi Vasco da Gama*, imperfecto juu ya tukio lililotokea mara moja, kwa ajili ya kuipa habari uzito. Ni mtindo wa kuandika. Anayejifunza akiuiga wataona amekosea, hata kama waandishi wao hufanya hivyo kila siku.

Zoezi lenye manufaa ni kuchukua hadithi fupi ya Kiswahili, kutia alama kwenye kila kitenzi kabla ya kutafsiri, kisha kuandika. Mfano:

*Zamani wavuvi wa Malindi walikuwa wakitoka alfajiri. Bahari ilikuwa imetulia. Walikuwa wakichukua maji na chakula kidogo. Siku moja tanga likachanika. Nahodha akalishusha, akatazama mbingu, akasema mahali pale anapajua. Walikaa baharini siku mbili, na siku ya tatu wakafika Watamu, ambako jamaa zao walikuwa wakiwangoja.*

Kwa Kihispania:

*Antes los pescadores de Malindi salían al amanecer. El mar estaba tranquilo. Llevaban agua y un poco de comida. Un día se rasgó la vela. El capitán la bajó, miró el cielo y dijo que conocía el lugar. Pasaron dos días en el mar y al tercero llegaron a Watamu, donde sus familias los esperaban.*

*Ilikuwa imetulia* imekwenda *estaba* kwa sababu ni hali. *Anapajua* imerudi nyuma ikawa *conocía*, ingawa nahodha alitamka wakati uliopo. *Walikaa* imekuwa *pasaron* kwa sababu siku zimehesabiwa. Ondoa hizo siku mbili, uache walikuwa tu wakielea huku wakisubiri upepo, na kitenzi kinageuka kuwa *pasaban* au, afadhali zaidi, *flotaban*. *Esperaban* ya mwisho ndiyo huwaponyoka wengi, wakaandika *esperaron*. Ukiandika hivyo, jamaa wataanza kungoja baada ya mashua kufika.